Sura ya Sita: Bima Inapoishia Getini

Katika milima ya Eifel, magharibi mwa Ujerumani, kuna barabara ya karibu kilomita 21 ambayo mtu yeyote mwenye leseni na gari lililosajiliwa anaweza kuiingia, mradi alipe. Ni Nordschleife, mzunguko mkongwe wa uwanja wa Nürburgring, uliofunguliwa mwaka 1927. Una kona zaidi ya 70, unapanda na kushuka katikati ya msitu, na mahali pengi vyuma vya pembeni vimekaribiana mno na lami kiasi kwamba ukikosea hupati pa kujiokolea. Hapo ndipo Niki Lauda alipoungua ndani ya gari lake tarehe 1 Agosti 1976 na kuponea chupuchupu. Tangu siku hiyo Formula 1 haijarudi kwenye mzunguko ule mrefu, lakini watu wa kawaida hawajaacha kwenda. Siku zisizo na mashindano wala majaribio ya viwanda, geti hufunguliwa kwa umma. Dereva anagusisha kadi, kizuizi kinainuka, na gari lililompeleka kazini Ijumaa linaingia Jumamosi nyuma ya Porsche.

Akigonga, nani analipa?

Ninaanzia Nürburgring kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo swali hili limefungwa fundo gumu kama pale. Wakati wa safari za umma, Nordschleife huhesabiwa kuwa barabara ya kulipia ya mwelekeo mmoja. Sheria za barabarani za Ujerumani zinafanya kazi humo: unampita mwenzako kwa kushoto tu, mashindano ni marufuku, kupima muda wa mzunguko ni marufuku, na gari lazima liwe na namba na bima ya lazima. Dereva akisikia hayo hujiambia: kama hii ni barabara, basi bima yangu ya barabarani ipo kazini. Amepata nusu ya ukweli, na nusu aliyoikosa ndiyo inayoweza kumfilisi.

Bima ya gari ni ahadi mbili zilizowekwa ndani ya bahasha moja. Ya kwanza ni ya mtu wa tatu, ambayo sheria inailazimisha. Haipo kwa ajili yako, ipo kwa ajili ya yule utakayemuumiza. Ya pili ni ile ambayo Tanzania tunaiita bima kubwa, na Kenya wengi wanaiita komprehensivu. Hiyo ndiyo inayolitengeneza gari lako mwenyewe, na kwa kuwa ni makubaliano ya hiari, kampuni ina uhuru mpana wa kuandika mahali inapoishia. Kwenye Nordschleife ahadi ya kwanza kwa kawaida husimama, kwa sababu aliyeumizwa hapaswi kuteseka kwa masharti ambayo hakuyasaini. Ya pili mara nyingi huanguka. Kampuni nyingi za Ujerumani zimeandika waziwazi kwamba hazilipi hasara ya gari lako kwenye viwanja vya mbio hata kama hukuwa unatafuta mwendo wa juu kabisa, isipokuwa ulikuwa kwenye mafunzo ya usalama wa udereva. Za Uingereza zimekwenda mbali zaidi, na zipo hati zinazoitaja Nürburgring kwa jina. Ni nadra sana mkataba wa bima kutaja mahali pamoja duniani na kusema hapo hatuendi nawe. Huenda mahali hapo pametajwa kwa sababu madai yalikuwa mengi.

Gari lenyewe kwanza si lazima liwe hasara kubwa kuliko zote. Tazama ajali inavyotokea. Hozi ya rejeta inapasuka kwenye mpando, maji yenye dawa ya kupooza injini yanamwagika juu ya lami, na dereva mwenyewe hajui mpaka aone mvuke ukitoka kwenye boneti. Nyuma yake gari la pili linaingia konani, tairi zinakanyaga ule utelezi, linapinduka. Gari la tatu linalikwepa na kujikita kwenye vyuma. Kwa sheria ya Ujerumani, mmiliki wa gari huwajibika kwa madhara yatokanayo na uendeshaji wa gari lake hata kama hakuna kosa alilofanya kwa makusudi wala kwa uzembe. Kwa hiyo aliyepasukiwa na hozi ndiye anayetafutwa. Uwanja nao unakuja na bili yake: vipande vya vyuma vilivyopinda, nguzo zake, mafundi wa kuvibadilisha, gari la kuvuta, magari ya usalama yaliyotumwa. Yote hayo huandikwa kwa jina la dereva. Bima ya mtu wa tatu inaweza kubeba sehemu ya mzigo huo, lakini zipo nchi na mikataba ambayo kampuni ikishamlipa aliyeumia inamgeukia mteja wake na kumdai ilichotoa, kwa hoja kwamba alilitumia gari nje ya matumizi waliyokubaliana.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Gari limepinda, geti la kutokea haliko mbali, na rafiki ana trela. Kwa nini lisiokotwe kwenye barabara ya kijijini, halafu idaiwe kwamba mnyama alikatiza? Huo ni udanganyifu wa bima, kosa la jinai, na nausema hivyo bila kuuzungushia maneno. Siku hizi pia ni udanganyifu usiofika mbali. Kwenye kona za Brünnchen na Adenauer Forst watazamaji hujipanga na kamera kila siku ya umma, na video za magari yanayoteleza huwekwa YouTube kabla gari halijafika gereji. Mkadiriaji wa hasara anachohitaji ni namba ya gari na muda wa kutafuta.

Msomaji wa Nairobi au Arusha anaweza kusema haya ni ya Wajerumani. Afungue droo, atoe hati yake ya bima, asome kipengele cha matumizi ya gari. Kwenye mikataba mingi ya Afrika Mashariki atakuta kwamba bima haihusu mashindano ya mbio, majaribio ya kasi, majaribio ya uimara wa gari, na kuongoza mwendo kwa ajili ya wengine. Maneno hayo ni ya zamani kuliko nchi zetu. Yalitoka Uingereza pamoja na sheria za bima na fomu zake. Mwaka 1900 klabu ya magari ya Uingereza iliandaa safari ya maili 1,000 kuzunguka nchi ili kuwaonyesha wananchi kwamba gari linaweza kufika mbali bila kufa njiani. Huo ndio ulikuwa ulimwengu wa majaribio ya uimara. Kuongoza mwendo ni kazi ya chombo cha moto kilichotangulia mbele ya mwendesha baiskeli wa mashindano ili kimkatie upepo. Mambo hayo mawili hayakusumbui kitu leo, lakini maneno yamebaki, na pamoja nayo limebaki lile la majaribio ya kasi, ambalo bado lina meno.

Lina meno kwa sababu vijana wetu wanaendesha. Kenya kuna autokrosi, na kuna Kiamburing, shindano la kupanda mlima dhidi ya saa kwenye barabara za Kiambu ambalo jina lake tu linakumbusha Nürburgring. Anayeingia pale na Subaru yake ya nyumbani anashindana na saa. Hakuna mwanasheria atakayeweza kuliita jambo hilo kwa jina jingine, na bima kubwa ya kawaida haimo. Hata sheria ya lazima inaweza kumwacha njiani: Sura ya 405 ya sheria za Kenya inamtaka mwenye gari awe na bima ya mtu wa tatu anapolitumia barabarani, na shamba la mtu au kiwanja kilichozungushiwa uzio ni jambo jingine. Tanzania nayo ina Sura ya 169 kwa bima hiyo ya lazima, na stika ya bima inathibitisha hilo tu, haisemi umekingwa kila mahali tairi zako zinapofika.

Je, kampuni zinaonea? Sioni hivyo. Bima ni kama chama cha kuzikana: kila mwanachama anachanga kidogo kwa ajili ya msiba ambao unaweza kumfika yeyote kati yao, na mchango unapangwa kwa kuangalia misiba ya kawaida. Mwalimu anayekwenda shule na kurudi hapaswi kuongezewa mchango ili kulipia breki zilizochemka za mtu aliyekuwa anatafuta mwendo wa kilomita 200 kwa saa. Kosa la kampuni liko kwingine, nalo linanikera: liko kwenye mdomo wa wakala. Mteja anauliza, "Hii inalipa kila kitu?" Wakala anajibu, "Kila kitu, bosi, hii ni bima kubwa." Kipengele cha matumizi hakisomwi mpaka siku ya dai, na siku hiyo kinasomwa na mtu mwingine kabisa, anayelipwa mshahara kwa kukisoma vizuri.

Ugumu wa kweli uko kwa wale ambao hawashindani. Marekani, klabu za wenye magari, kama zile za Porsche na BMW, hukodi viwanja vya mbio na kuwaalika wanachama waje na magari yao. Si mbio. Wanagawanywa makundi kwa uzoefu. Mgeni hukaa na mkufunzi kwenye kiti cha abiria, wote wamevaa helmeti. Mara nyingi kupita kunaruhusiwa kwenye sehemu zilizonyooka tu, na anayepitwa ndiye anayetoa ruhusa: anatoa mkono dirishani na kuonyesha upande wa kupitia. Asipotoa mkono, unabaki nyuma. Hakuna mshindi, hakuna kombe. Lengo linalotajwa ni kujifunza kulimudu gari, na naamini kwamba dereva aliyewahi kuhisi gari likianza kuteleza mahali penye nafasi na msaada atakuwa salama zaidi siku ya mvua kwenye barabara kuu.

Kwa muda mrefu hoja hiyo iliwaokoa watu. Mkataba wa mfano ulioandaliwa na shirika la huduma za bima liitwalo ISO, ambao kampuni nyingi za Marekani huufuata, ulikataa kulipia gari lililo ndani ya eneo lililojengwa kwa ajili ya mbio kama limekwenda pale kushindana, au kufanya mazoezi na maandalizi ya shindano lililopangwa. Yalitakiwa yote mawili, mahali na lengo. Aliyekuwa pale kwa mafunzo alikuwa uwanjani, lakini hakuwa anashindana wala kujiandaa kushindana, na wapo waliolipwa kwa njia hiyo. Kisha kampuni moja baada ya nyingine ikaandika upya. Baadhi zikafuta neno la lengo na kubakiza mahali: ukiwa uwanjani, hatulipi. Nyingine zikaongeza mafunzo ya uendeshaji wa kasi kwenye orodha ya yasiyolipwa. Mtu anayetegemea simulizi ya rafiki aliyelipwa miaka hiyo anategemea maneno ambayo huenda hayamo tena kwenye mkataba wake. Mikataba hubadilika wakati wa kuhuisha bima, na karatasi ya mabadiliko huja pamoja na risiti, ndani ya bahasha ambayo wengi hawaifungui.

Pengo likishaonekana, biashara hulifuata. Kampuni kama Hagerty na Lockton huuza Marekani bima ya tukio, inayoanza na kuisha na siku za uwanja. Uingereza nayo ina zake. Mnakubaliana thamani ya gari mapema, na ada inafuata thamani hiyo. Sehemu ya kwanza ya hasara unaibeba mwenyewe, na mara nyingi ni asilimia 10 ya thamani iliyokubaliwa. Gari la dola 40,000 likigonga ukuta, dola 4,000 za mwanzo ni zako. Likikwaruzwa kidogo tu, hasara yote inaweza kuishia humo humo, usidai chochote. Injini iliyovunjika kwa sababu imechoka haimo, wala tairi na pedi za breki zilizoliwa. Na kama siku imegeuka kuwa ya kushindania muda, bima hiyo nayo inatoka nje ya picha. Ndiyo maana waandaaji makini hukataza saa za kupimia mzunguko: mtambo mdogo uliobandikwa kwenye kioo cha mbele unaweza kuwa ushahidi kwamba mafunzo yalikuwa mashindano.

Ninachotaka msomaji akikazie macho kuliko yote ni hiki: bima nyingi za tukio hukinga gari lako tu. Hazimkingi mkufunzi aliyekaa karibu nawe, wala dereva uliyemparamia, wala mkewe atakayebaki na watoto. Watu hutumia jioni nzima kujadili thamani ya gari na hawaulizi hata swali moja juu ya binadamu. Ukiwauliza, watakuambia kila mtu pale ametia saini karatasi ya kukubali hatari na kutodai.

Karatasi hiyo ina uzito gani? Juni 2005, kwenye uwanja wa California Speedway mjini Fontana, klabu ya wenye Ferrari iliandaa siku ya uwanja. Porsche aina ya Carrera GT ilikuwa kwenye mwendo mkali wakati Ferrari ilipoingia njiani kutoka eneo la kuandalia magari. Dereva wa Porsche alikwepa, gari likamshinda, likagonga ukuta wa zege. Alikufa yeye na abiria wake. Abiria alikuwa ametia saini kama wengine. Mjane wake alishtaki hata hivyo: mirathi ya dereva, wenye uwanja na waandaaji, dereva wa Ferrari, na kiwanda cha Porsche chenyewe. Mambo yalimalizwa kwa makubaliano ya takriban dola milioni 4.5. Upande wa dereva marehemu ulibeba karibu nusu, wenye uwanja na waandaaji asilimia 41, kiwanda asilimia 8, na dereva wa Ferrari asilimia 2. Hata hizo asilimia 2 za dola milioni 4.5 ni dola 90,000, kwa mtu ambaye gari lake halikugonga chochote.

Uingereza iko wazi zaidi. Tangu sheria ya mwaka 1977 kuhusu masharti ya mikataba yasiyo ya haki, mfanyabiashara hawezi kwa maandishi yake kujivua wajibu wa kifo au majeraha yaliyosababishwa na uzembe wake. Karatasi ya getini inaweza kukusaidia kuhusu boneti iliyopinda, lakini kwa uti wa mgongo uliovunjika usiitegemee. Na kwa kuwa uwanja uliofungwa si barabara wala mahali pa umma, bima ya lazima ya Uingereza haijawahi kutakiwa humo. Dereva anaweza kuzunguka siku nzima bila kinga yoyote ya mtu wa tatu, wala asivunje sheria.

Ilibaki kidogo hali hiyo ibadilike, tena kwa sababu ya trekta. Mwaka 2007 nchini Slovenia, mtu mmoja alikuwa juu ya ngazi akipanga marobota ya nyasi ghalani. Trekta ikarudi nyuma, trela yake ikagusa ngazi, akaanguka. Kesi ilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na mwezi Septemba 2014 majaji wakasema bima ya lazima inahusu kila matumizi yanayolingana na kazi ya kawaida ya chombo, hata ndani ya ua wa mtu binafsi. Wenye viwanja vya mbio walishtuka. Kama uamuzi unafika ghalani, unafika pia kwenye gari la mashindano, na hakuna kampuni iliyokuwa tayari kuahidi fidia isiyo na kikomo kwa magari 30 yanayogombea kona moja. Umoja wa Ulaya ulirekebisha sheria yake mwaka 2021, ukayaacha nje mashindano ambayo waandaaji wake wana kinga mbadala kwa wanaoumia. Uingereza, ikiwa imeshatoka kwenye Umoja, iliufuta uamuzi huo kwenye sheria zake mwaka 2022. Mbio zilinusurika. Aliyeumia kwenye siku ya uwanja Uingereza alirudi pale pale alipokuwa: amtafute aliyemuumiza, aombe Mungu awe na mali.

Kwa anayekusudia kwenda, kazi inafanyika kabla ya siku yenyewe, tena kwa maandishi. Usimpigie wakala simu. Andika barua pepe kwa kampuni, taja tarehe, uwanja, mwandaaji, kwamba hakuna kupima muda, na kwamba kutakuwa na mkufunzi. Kisha uliza mambo matatu kila moja peke yake: gari langu, watu wengine, na mali ya uwanja. Jibu la "hakuna shida" si jibu. Omba waonyeshe kipengele. Muulize mwandaaji bima yake ya dhima ina kikomo gani na kama inawahusu madereva kwa madai baina yao, kwa maana mara nyingi inamlinda yeye na mwenye uwanja tu. Kisha kachungulie hati zako nyingine, kwani bima nyingi za maisha na za ajali binafsi nazo hukataa michezo ya magari.

Na kama gari limenunuliwa kwa mkopo, soma mkataba wa benki kabla ya huo wa bima. Kadi ya gari iko kwao, na sharti lao ni kwamba gari liwe na bima kubwa muda wote wa deni. Likivunjika mahali ambapo bima hailipi, makato ya mshahara yanaendelea kila mwisho wa mwezi kwa gari lililokwisha kuwa vyuma chakavu. Mtu wa namna hiyo namshauri aliache la kwake maegeshoni na akodi gari lililoandaliwa kwa ajili ya uwanja, lenye kiti cha mbio na vyuma vya kulinda paa, kutoka kwa kampuni inayoandika kwenye mkataba kiwango cha juu kabisa ambacho mkodi atadaiwa. Karibu na Nürburgring kampuni za aina hiyo ziko kadhaa, hatua chache kutoka getini. Ada yake ni kubwa na dhamana wanayoshikilia ni kubwa zaidi, ila kiasi kimeandikwa, na dereva anakijua kabla hajawasha injini.